Adam Lambert ni mrithi wa Freddie Mercury au mgeni mwalikwa tu? Wapenzi wa Queen tukutane hapa

Mzee wa Kanda
Wadau, habari za jioni. Juzi kijana mmoja kijiweni kwetu Magomeni kaniambia Adam Lambert ana sauti kubwa kuliko Freddie Mercury, na kwamba Queen ya sasa ni bora kuliko ile ya zamani kwa sababu "vyombo vimeboreshwa". Sikumjibu palepale, maana ningemjibu vibaya. Namjibia hapa.

Kwanza tuwekane sawa, kwa wale wanaoijua Queen, bendi ya rock ya Uingereza, kupitia ule wimbo wa kupiga miguu na makofi uwanjani tu. Freddie alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake ni Waparsi wenye asili ya Gujarati, na baba yake alikuwa mtunza fedha kwenye Mahakama Kuu chini ya Waingereza. Utotoni akapelekwa bweni Panchgani, India, akarudi Unguja 1963, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Bendi ikaundwa 1970: yeye wa kuimba, Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa dramu. John Deacon wa besi akaingia mwaka uliofuata. Hao wanne hawakubadilika mpaka UKIMWI ulipomchukua Freddie tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45.

Deacon akajitoa kwenye muziki mwishoni mwa miaka ya tisini na hajaonekana jukwaani tena. May na Taylor wakaendelea. Kuanzia 2004 wakawa na Paul Rodgers, yule aliyetokea Free na Bad Company, wakaachana 2009. Halafu akaja Lambert, mwimbaji wa Marekani, aliyepanda nao jukwaani Belfast mwezi Novemba 2011, na mpaka leo yuko nao.

Sasa hoja yangu. Lambert hajakalia kiti cha mtu. Ni mgeni aliyekaribishwa, anajua kwamba ni mgeni, na kwa hilo namheshimu. Mrithi wa mwimbaji ni yule anayetungiwa nyimbo mpya. Huyu miaka yote hii anaimba nyimbo zilizotungwa kabla hajavunja ungo wa muziki, na nyingine kabla hajazaliwa. Hata kwenye bango wameandika Queen, wakaweka alama ya kujumlisha, ndipo jina lake likafuata.

Karibuni tubishane.

Gitaa Bovu
Mkuu, huyo kijana wa kijiweni umemdharau bure. Kwenye suala la sauti ana hoja.

Chukua rekodi za majukwaani za Freddie mwenyewe, si za studio. Zile noti za juu kabisa mara nyingi alikuwa anazikwepa, anapita chini. Si kwa kukosa uwezo, alikuwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti na ratiba za ziara zilikuwa za kuua mtu. Lambert zile noti anazipiga kama zilivyo kwenye santuri, usiku baada ya usiku. Msikilize kwenye Who Wants to Live Forever, halafu uje uniambie ni "mgeni".

Nyie wazee mnapenda marehemu kuliko walio hai.

Mzee wa Kanda
Gitaa Bovu, sijasema hawezi. Kuwa fundi wa sauti na kuwa mwimbaji wa Queen ni vitu viwili. Freddie alikuwa akipita chini ya noti na bado watu 72,000 wa Wembley wanamfuata kama watoto wa chekechea. Pale Live Aid, lile tamasha la hisani la tarehe 13 Julai 1985, walipewa kama dakika ishirini tu, bila taa wala moshi, mchana kweupe, mbele ya umati ambao tiketi wengi wao hawakununua kwa ajili ya Queen. Angalia anavyouliza umati "eeeh-oh" na umati unamjibu. Hapo hakuna noti ya ajabu hata moja. Kuna mtu ameshika kijiti cha maikrofoni kisichokuwa na kitako, kile kilichovunjika zamani wakiwa bado bendi ndogo akaona heri abaki nacho hivyohivyo, na anawachezesha anavyotaka.

Mtoto wa Shangani
Assalaam aleikum. Nyinyi wa Bara mnagombania nani kakaa kitini, sisi huku bado tunagombania nyumba.

Wallahi si mzaha. Hapa Mji Mkongwe ukimuuliza mtembeza watalii Freddie kazaliwa wapi, jawabu inategemea yupi umemuuliza na mkahawa upi unampa kamisheni. Nyumba zaidi ya moja zinadai kuwa ndiyo kwao. Mwaka 2019 ndipo ikafunguliwa makumbusho yake pale barabara ya Kenyatta, Shangani, na angalau sasa mgeni ana pahala pa kuelekezwa. Picha za familia, maandishi ya nyimbo, piano. Wengi wanaoingia ni Wazungu. Watoto wa skuli za hapa wanapita nje wakitizama picha ya mlangoni, ukiwauliza ni nani watakwambia "msanii wa Kizungu".

Na msisahau 2006. Ilikuwa ifanywe sherehe ya kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake hapa Unguja, Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa, wakapinga kwa sababu ya maisha yake, ikaishia hapohapo. Kwa hiyo suala la nani anamrithi Freddie mimi naliona la mbali. Sisi yeye mwenyewe bado hatujaamua kama ni wetu.

Hapana Chezea
Aliondoka 1964, hakurudi, hakuwataja. Mnamng'ang'ania wa nini?

Mtoto wa Shangani
Hapana Chezea, kutaja ni kwa namna nyingi. Mzungu gani wa 1975 angeingiza "Bismillah" katikati ya wimbo wa rock wa dakika karibu sita, tena ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa? Na 1978 akafungua albamu nzima kwa wimbo unaoitwa Mustapha, unaanza kama mtu anaadhini. Mimi sidai kwamba alikuwa akituimbia sisi. Lakini sauti hizo mtu hazioti usingizini, kuna pahala masikio yake yalizoea.

Mama wa Msondo
Wanangu, mimi rock siijui sana ila kubadilisha waimbaji nakujua, maana nimekulia kwenye dansi.

Hili jambo mnalolilia huku kwetu ni la kila siku. Marehemu Muhiddin Gurumo alikuwa Juwata, 1978 akaenda kuanzisha Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, akaenda zake OSS (Orchestra Safari Sound), baadaye akarudi Msondo. Bitchuka naye kazunguka hivyohivyo. Jana anaimba Sikinde, leo yuko upande wa pili, na mashabiki tunahama naye au tunamzomea. Bendi yenyewe ilizaliwa NUTA, ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikaja kuwa Msondo Ngoma, na ngoma ikawa ileile. TX Moshi William alipofariki 2006 tulilia, tukazika, na bendi ikaendelea kupiga. Hakuna aliyesema wafute jina. Bendi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi au ya shirika, mwimbaji ni mwajiriwa, akiondoka anaajiriwa mwingine.

Kwa hiyo mie Lambert simuoni kama kafanya dhambi. Ila namuunga mkono Mzee wa Kanda kwa jambo moja. TX Moshi alipokuja hakuja kuimba za waliomtangulia tu, alikuja na za kwake. Piga Ua Talaka Utatoa ni yake, hakuna wa kumnyang'anya. Hao Waingereza huyo kijana wamempa nini cha kwake?

Mzee wa Kanda
Mama wa Msondo, shikamoo. Umenisaidia kusema nilichokuwa natafuta namna ya kukisema.

Jamaa wa South B
Niaje wakuu, niko Nairobi. Sisi tuliokulia kwa X FM, ile redio ya rock, hii mada inatuuma kabisa.

Kipimo cha Mzee wa Kanda nakikubali, na mifano iko. AC/DC walimpoteza Bon Scott Februari 1980. Wakamchukua Brian Johnson, na kufikia Julai mwaka huohuo Back in Black ilikuwa sokoni. Hakuiga sauti ya marehemu, alitungiwa nyimbo za koo lake. Leo ukimwambia kijana kwamba AC/DC walikuwa na mwimbaji mwingine kabla anashangaa. Alice in Chains walimpoteza Layne Staley 2002, wakaja na William DuVall, wakarekodi albamu mpya. Linkin Park ndiyo ya juzi. Chester Bennington alijiua Julai 2017, wenzake wakanyamaza miaka saba, Septemba 2024 wakatokea na Emily Armstrong, na Novemba albamu ikatoka. Watu walitukanana mitandaoni usiku kucha. Mimi mwenyewe nilinuna. Lakini angalau walileta kitu kipya mezani, sio kumpa dada wa watu nyimbo za Chester peke yake azibebe.

Kisha kuna Led Zeppelin. Yule aliyekufa 1980 hata hakuwa mwimbaji, alikuwa wa dramu, John Bonham, na walifunga duka.

Gitaa Bovu
Jamaa wa South B, kwa kipimo hicho basi mrithi halali wa Freddie ni Paul Rodgers! Maana yeye walirekodi naye albamu mpya, The Cosmos Rocks, 2008. Nani hapa anaukumbuka wimbo hata mmoja humo? Nangoja.

Jamaa wa South B
Aisee. Hapo umenibana.

Mzee wa Kanda
Hajakubana, anakuchanganya. Rodgers kweli alijaribiwa kama mrithi, ndiyo maana tunaweza kusema jaribio halikufaulu. Ni mwimbaji wa blues, mtu wa sauti nzito yenye mchanga, na nyimbo za Freddie zinataka mtu asiyeogopa kuonekana kituko. Rodgers alisimama kama mwanaume anayesubiri basi. Onyesho lao la kwanza la wazi lilikuwa Afrika Kusini, Machi 2005, kwenye kampeni ya Mandela ya 46664 dhidi ya UKIMWI.

Mwalimu Mstaafu Morogoro
Mmetaja Afrika Kusini, na mimi nilikuwa nangoja nani ataanza.

Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, ndani ya Bophuthatswana, ile nchi ya bandia ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa na chama cha wanamuziki wa Uingereza walishasema wasanii wasiende. Sisi hapa Morogoro tulikuwa na Mazimbu. Vijana wa ANC waliokimbia risasi baada ya Soweto walikuwa wanasoma shule iliyojengwa kwenye ardhi tuliyowapa, tukila nao ugali uleule wa foleni. Mtu aliyezaliwa Unguja akaenda kuwaburudisha waliowafukuza. Chama chao kikawatoza faini, na jina la bendi likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo.

Koo lake lilimgomea hukohuko, maonyesho kadhaa yakafutwa. Wanafunzi wangu walisema ni laana. Mimi nilisema ni baridi ya viyoyozi.

Muziki wao naupenda, na kanda ninazo. Lakini mnapomkumbuka mtu mkumbukeni mzima.

Mzee wa Kanda
Mwalimu, shikamoo. Sina la kupinga. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa na wanapiga mbele ya yeyote anayetaka kuwasikiliza. Utetezi huo haukuwa na miguu wakati ule na hata leo hauna. Kwenda kwa Mandela baadaye nadhani lilikuwa deni wanalilipa, ingawa aliyelipa ni May na Taylor. Freddie hakuishi kuliona hilo.

Mhaya Mtoro
Nataka kusema kuhusu kifo chenyewe, maana kizazi hiki mnasema "alikufa kwa UKIMWI" kama mtu aliyekufa kwa ajali ya baiskeli.

Mimi nimetoka Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligundulika kwetu 1983. Kufikia 1991 hatukuwa tukiulizana nani kafa, tulikuwa tukiulizana leo tunazika wapi. Habari ya Freddie nilisikia redioni. Tarehe 23 Novemba alitoa tamko kwamba anaumwa, kesho yake akafa. Nilivyosikia nilikasirika. Nikasema, huyu tajiri wa London, mwenye madaktari, kaficha hadi siku ya mwisho, wakati Philly Lutaaya hapo jirani Uganda alisimama hadharani 1989, akasema ninao, akaenda mashuleni na makanisani kuwaambia watu huku anakonda, na akatunga wimbo juu yake. Lutaaya alikufa Desemba mwaka huohuo. Kwetu shujaa alikuwa yule.

Siku hizi hasira imepungua. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yanampiga picha kupitia dirishani. Kila mtu na namna yake ya kukabili.

Hapana Chezea
Mhaya umenifanya niache utani. Pole.

Mzenji Ughaibuni
Nimesoma yote nikiwa kwenye treni, nipo Uingereza miaka mingi. Niseme kitu kimoja kwa sababu nadhani hapa mimi peke yangu nimewaona hawa na Lambert, O2, London.

Nilikwenda nikiwa na kinyongo. Lambert katoka na kitu cha kwanza karibu akifanye ni kuwaambia watu kwamba anajua mnachokiwaza, yeye si Freddie, tumsherehekee pamoja. Uwanja ukacheka, na kinyongo changu kikapungua nusu. Halafu anaimba, na Gitaa Bovu yuko sahihi, jamaa ana koo.

Lakini sehemu iliyonimaliza yeye hakuwemo. Brian May akatembea peke yake mpaka mwisho wa jukwaa lililoingia katikati ya watu, mzee mwenye nywele nyeupe za mawimbi, akakaa kwenye stuli na gitaa la nyuzi kumi na mbili, akaanza Love of My Life. Anaimba nusu, nusu anawaachia watu. Mwisho kabisa kwenye skrini nyuma yake anatokea Freddie, picha ya zamani, anamalizia wimbo. Mzee ananyosha mkono kuelekea skrini kama anataka kumgusa. Ni kiini macho cha video, najua, na kinarudiwa kila usiku. Nikageuka nikaona baba mzima pembeni yangu anapangusa miwani.

Kwa hiyo mkiuliza kiti kakalia nani, pale ukumbini kiti kilikuwa wazi, na wao wenyewe wanakionyesha kuwa kiko wazi. Lambert anasimama kando yake.

Gitaa Bovu
Sawa, lakini mbona hakuna anayeuliza kiti cha Deacon? Watu wanalia mwimbaji, besi ya Another One Bites the Dust ni ya nani? I Want to Break Free katunga nani? Deacon zote mbili. Radio Ga Ga, ile mnayoipenda ya makofi Wembley, ni ya Roger Taylor. We Will Rock You ni ya May. Nyie mnazungumza kama Freddie aliwaajiri. Wale walikuwa watunzi wanne kwenye bendi moja. May na Taylor wanapiga nyimbo zao wenyewe, nani wa kuwanyima jina?

Hii si kama TPOK Jazz ya Kongo. Franco alipofariki Oktoba 1989, Simaro aliisukuma bendi mpaka mwisho wa 1993, wakashindwana na familia kuhusu mapato, akaondoka na wanamuziki wakaunda Bana OK. Kwa sababu jina lilikuwa la Franco. Queen jina lilikuwa la wote.

Mzee wa Kanda
Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa humu, na kwenye jina nakupa. Watumie, ni lao. Sijawahi kusema wafunge duka.

Kwa wale wanaosema wangemchukua George Michael baada ya ile tamasha ya kumbukumbu, Wembley, 20 Aprili 1992, alivyoimba Somebody to Love: najua, hata mimi nililisema hilo kwa miaka. Lakini alikuwa na jina lake kubwa tayari, asingekubali kukaa nyuma ya alama ya kujumlisha.

Sasa turudi kwenye kiti, niwaambie ninavyoamini. Aliyeziba pengo la Freddie kwa mara ya kwanza ni Brian May, tena Freddie akiwa hai. Mei 1991, studio ya Montreux, Uswisi. Freddie hawezi kusimama vizuri, anawaambia wamwandikie maneno yoyote, yeye ataimba, watamalizia wenyewe akishaondoka. Wakawa wanarekodi Mother Love. May anaandika mistari kwenye karatasi, Freddie anaimba mstari kwa mstari, wanasonga. Wakafika ubeti wa mwisho, akasema amechoka, atarudi kuumalizia. Hakurudi. Wimbo ulipotoka 1995 kwenye Made in Heaven, ule ubeti wa mwisho unasikia sauti imebadilika. Ni May anaimba. Hakujaribu kupanda kama Freddie, wala hakumwita fundi wa kuimba vizuri kuliko yeye, ingawa London walikuwepo tele.

Kijana wa kijiweni nitamchezea huo. Vyombo vilivyoboreshwa avitafute humo.

Mama wa Msondo
Nimeutafuta nikausikiliza sasa hivi. Huo ni wimbo wa msibani jamani, mngetuambia mapema.

Gitaa Bovu
Mzee, swali la mwisho nikalale. May na Taylor wakitoa albamu mpya na Lambert, nyimbo mpya tupu, utamtambua kama mwimbaji wa Queen?

Mzee wa Kanda
Wakitoa, narudi humuhumu natamka. Lakini iwe albamu, si wimbo mmoja wa Krismasi. Na ikiwa kama ile ya Rodgers, nitamtambua kwanza, kisha nitaisema vibaya.

Jamaa wa South B
😂😂 Mzee hakubali kushindwa. Linkin Park nifungulie uzi wake ama niendelee hapa?

Mzee wa Kanda
Fungua wake. Huu wa Unguja.